Sabuni yangu inavunjika, nyingine haigandi: naweza kuanza kuuza?

SWALI: Natengeneza sabuni za vipande nyumbani kwa mawese, mafuta ya nazi, alizeti na nyonyo. Nimeshatengeneza bechi nne. Mafuta napima kwa jagi la lita moja, kostiki soda napima gramu 144 kwenye mizani, maji nakadiria kwa macho. Bechi tatu za kwanza zilitoka ngumu, lakini zinavunjika ninapokata na zinawasha mikono. Ya nne niliitengeneza kwa kostiki iliyobaki kwenye mfuko kwa miezi miwili. Mpaka leo ni laini na inaacha mafuta kwenye vidole. Watu wanapenda harufu yake na wanataka kununua. Je, naweza kuanza kuuza? Mtaji uweje, bei nipangeje, na je, nahitaji kibali?

JIBU: Ndugu msomaji, usiuze bado hata kipande kimoja cha hizo bechi nne. Lakini pia usikate tamaa, kwa sababu ulivyoeleza swali lako umeshataja chanzo cha matatizo yote mawili. Fomula yako ni nzuri. Kinachokuangusha ni vipimo. Na vipimo hivyo hivyo ndivyo vitakavyokuambia kila kipande kimekugharimu nini, kwa hiyo tukirekebisha mizani tutakuwa tumeshafika nusu ya safari ya bei.

Tuanze na jagi. Fomula za sabuni huandikwa kwa uzito, yaani gramu 1,000 za mafuta. Lita moja ya mafuta haina gramu 1,000. Mafuta ni mepesi kuliko maji. Lita moja ya mchanganyiko kama wako ina gramu 915 hivi. Kila ulipojaza jagi mpaka kwenye mstari, mafuta yalipungua gramu 85, ilhali kostiki ulipima sawasawa kwa ajili ya kilo nzima. Gramu 915 za mchanganyiko wa kawaida wa mafuta hayo huweza kumeza kostiki gramu 139 tu. Wewe uliweka 144. Gramu 5 zilizozidi hazikupata mafuta ya kugeuza kuwa sabuni, zikabaki ndani ya kipande zikiwa kostiki tupu. Ndizo zinazoifanya sabuni ivunjike kama chaki mbele ya kisu, na ndizo zinazowasha mikono.

Bechi ya nne iliharibikia upande wa pili. Kostiki soda hunyonya unyevu na hewa ukaa kutoka hewani. Mfuko ukikaa wazi, chembe hushikana mabonge, huanza kuloa, na sehemu yake hugeuka kuwa kaboneti ya sodiamu, ambayo haitengenezi sabuni kwa mafuta. Mizani haijui tofauti hiyo: inakuonyesha gramu 144, lakini ikiwa sehemu moja ya tano ya uzito huo ni maji na kaboneti, kostiki yenyewe ni gramu 115 tu. Mafuta yaliyokuwa yakihitaji 139 yakapata 115, na karibu asilimia 17 ya mafuta yakabaki mafuta. Sabuni ya namna hiyo haitakauka hata ukiisubiri miezi, na kabla ya muda mrefu itaanza kunuka kama mafuta yaliyochina.

Kwa hiyo kuanzia sasa kila kitu kipimwe kwa gramu, maji yakiwemo. Mizani ya kidijitali inayobeba kilo 5 na kusoma gramu moja moja inatosha kwa bechi ya kilo moja ya mafuta. Kosa la gramu moja kwenye kostiki 144 ni chini ya asilimia moja, na hilo linavumilika. Ukitaka kujaribu bechi ndogo ya gramu 200 za mafuta, gramu moja tayari ni kosa kubwa, na hapo utahitaji mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Kostiki mpya inunuliwe ikiwa imeandikwa usafi wake, asilimia 98 au 99, na usichukue ile ya kuzibulia mabomba, kwa sababu baadhi yake huchanganywa na vipande vya alumini na vitu vingine. Ukifungua mfuko, hamishia yote kwenye chombo cha plastiki ngumu chenye kifuniko cha kukaza, andika tarehe, na ukiona mabonge yaliyoloa usiitumie tena kwa sabuni ya kuuza.

Sasa hesabu yenyewe. Kila aina ya mafuta ina kiwango chake cha kostiki kinachohitajika kwa gramu moja. Kwa mafuta yako viwango vinavyotumika sana ni hivi: mawese 0.141, nazi 0.183, alizeti 0.134, nyonyo 0.128. Zidisha uzito wa kila mafuta kwa kiwango chake, kisha ujumlishe. Kwa kilo moja ya mchanganyiko ninaokupendekezea:

Mawese gramu 500 × 0.141 = 70.5
Nazi gramu 300 × 0.183 = 54.9
Alizeti gramu 150 × 0.134 = 20.1
Nyonyo gramu 50 × 0.128 = 6.4
Jumla = 151.9

Hiyo 151.9 ndiyo kostiki ya kumaliza mafuta yote, na hatutaki yamalizike yote. Tunaacha asilimia 5 ya mafuta bila kugeuzwa, ili sabuni isikaukie ngozi na ili makosa madogo ya mizani au tofauti za mafuta zisitufikishe kwenye kostiki iliyozidi. Zidisha 151.9 kwa 0.95, unapata 144.3. Ndiyo ile 144 yako. Inaonekana ulipata fomula sahihi, ukaipima kwa chombo kisicho sahihi.

Maji yawe mara mbili ya uzito wa kostiki, yaani gramu 288. Ukiweka zaidi sabuni itachelewa kukauka na itajikunja inapokomaa. Ukipunguza sana, uji wa sabuni, yaani mchanganyiko wa mafuta na maji ya kostiki, utaganda kabla hujaumimina.

Kuna mtego mmoja unaowanasa watu wanaonunua mafuta kwa ndoo. Cheti cha muuzaji huonyesha namba ya kugeuza mafuta kuwa sabuni, lakini namba hiyo huwa ya potasiamu haidroksaidi, kwa miligramu kwa kila gramu ya mafuta. Mawese yanaweza kuandikwa 199, nazi 257. Sabuni ya vipande hutumia sodiamu haidroksaidi, ambayo ndiyo kostiki soda yako, kwa hiyo gawanya namba ya cheti kwa 1,402.5 ndipo utumie. 257 inakuwa 0.183. Ukiisahau hatua hii utaweka kostiki iliyozidi kwa asilimia 40, na sabuni hiyo ni hatari kweli kweli.

Usibadilishe mafuta kwa sababu tu moja limepanda bei, bila kurudia hesabu. Kuondoa gramu 200 za nazi na kuweka alizeti kunapunguza kostiki inayohitajika kwa karibu gramu 10. Na tabia ya sabuni inabadilika. Nazi huleta povu jingi na ugumu, ila ikipita theluthi ya mafuta yote watu wengi huona ngozi inakauka. Mawese hukipa kipande uimara wa kutoyeyuka haraka bafuni. Nyonyo kidogo hushikilia povu. Alizeti ya kawaida ni laini kwa ngozi lakini huchina upesi. Mimi singepita asilimia 15.

Kuhusu vyombo, lililo kubwa ni hili: alumini isikaribie kabisa. Kostiki huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, sufuria inatoboka na uji unaharibika. Tumia chuma kisichoshika kutu au plastiki inayostahimili joto, ile yenye alama ya namba 5 chini. Glasi nayo iache, kwa maana kostiki huila taratibu na siku moja hupasuka ikiwa imejaa maji ya moto yenye kostiki. Vyombo hivi visirudi jikoni kupikia. Utahitaji pia kipimajoto, blenda ya mkono, mwiko wa silikoni, glavu ndefu za mpira, miwani ya kinga inayofunga pembeni, na kalibu. Kalibu yenye urefu wa sentimita 30, upana 8 na kina 6 hutosha bechi ya kilo moja ya mafuta, na ukikata kila sentimita mbili na nusu unapata vipande 12.

Siku ya kutengeneza, pima kila kitu kwanza kabla ya kuchanganya chochote. Mawese yaliyoganda yayeyushe yote kwenye ndoo na uyakoroge ndipo upime, kwa kuwa sehemu nzito hukaa chini. Ukichota juu tu, bechi ya kwanza na ya mwisho za ndoo hiyo hazitafanana. Kisha mimina kostiki polepole ndani ya maji baridi huku ukikoroga, mahali penye hewa, uso ukiwa pembeni. Daima kostiki iingie kwenye maji. Ukimwaga maji juu ya kostiki, joto hukusanyika sehemu moja na mchanganyiko huruka usoni. Maji hayo yatapanda kupita nyuzi 80, yatatoa mvuke unaokereketa koo, halafu yatakuwa meupe na baadaye maangavu. Yaache yapoe. Watoto na wanyama wasiwe chumbani wakati huo, na chombo kisiachwe peke yake hata kwa dakika moja, kwa sababu machoni pa mtu asiyejua ni glasi ya maji. Yakirukia ngozi, osha kwa maji mengi yanayotiririka. Siki usiitumie mwilini. Yakiingia jichoni, osha kwa maji dakika 20 bila kukatiza, kisha hospitali moja kwa moja.

Mafuta yaliyoyeyushwa na maji ya kostiki yakifika nyuzi 35 hadi 45 yote mawili, mimina kostiki kwenye mafuta. Washa blenda kwa sekunde chache, zima ukoroge nayo kwa mkono, washa tena. Baada ya dakika chache utaona rangi inafifia na uji unakuwa mzito kidogo. Inua blenda uache tone lianguke: likiacha alama juu ya uji kwa muda kabla ya kuzama, uji umeshika. Hapo ndipo manukato yanaingia, gramu 30 kwa kilo ya mafuta, au pungufu ikiwa cheti chake cha IFRA, shirika la kimataifa la manukato, kinaruhusu pungufu kwa bidhaa za kuoshwa. Yapo manukato, hasa ya maua na viungo, yanayogandisha uji ghafla mpaka unashindwa kumimina. Ndiyo maana manukato mapya hujaribiwa kwanza kwenye bechi ndogo. Asali na maziwa nayo yana sukari inayoongeza joto; uji unaweza kufura ukamwagika nje ya kalibu. Ziache mpaka bechi ya kawaida ikutoke sawa mara kumi mfululizo.

Angalia na hili: ukifanya kazi kwa joto la chini sana, mawese huanza kuganda yenyewe na uji ukaonekana umeshika kumbe haujashika. Unamimina, kesho yake unakuta maji yamejikusanya chini ya kalibu. Maji hayo ni kostiki. Usiyaguse kwa mkono mtupu.

Funika kalibu, iache saa 24 hadi 48, toa sabuni, kata. Vipande vipange rafuni kwa kuachana kiasi cha kidole, penye hewa na kivuli, uvigeuze kila wiki. Vikae wiki 4 hadi 6. Watu hudhani muda huu ni wa kuisha ukali wa kostiki, lakini kama vipimo ni sahihi, kazi hiyo karibu yote huisha siku mbili tatu za mwanzo. Wiki zinazobaki ni za maji kutoka: kipande cha gramu 118 hushuka mpaka kama 103, kinakuwa kigumu, povu linaongezeka na bafuni kinadumu. Mteja akinunua sabuni ya wiki mbili, itamwishia mkononi kwa siku chache na hatarudi.

Unga mweupe juu ya vipande ni kaboneti tu, matokeo ya hewa kugusa uji kabla haujageuka wote. Hauna madhara, unafutika kwa kitambaa chenye maji, na kufunika kalibu vizuri huupunguza. Madoa ya rangi ya chungwa ni habari nyingine: hayo ni mafuta yaliyochina, kwa sababu ya mafuta ya zamani, alizeti nyingi, mwanga, unyevu, au vipande kugusa chuma chenye kutu. Kipande chenye madoa hayo hakiuzwi. Matone ya jasho juu ya sabuni ni gliserini inavuta unyevu wa hewa. Usiifungie kwenye plastiki kabla haijakomaa.

Kila bechi iwe na ukurasa wake kwenye daftari. Namba ya bechi na tarehe, uzito wa kila kitu kama mizani ilivyosoma, siyo kama fomula inavyosema, namba ya pakiti ya mafuta na ya kostiki, joto, manukato, saa ulizotumia, vipande vilivyopatikana, uzito wa kipande kimoja siku ya kukata na siku ya kufunga, na bei uliyonunulia kila kitu. Namba hiyo hiyo iandikwe kwenye lebo ya kila kipande, na kipande kimoja cha kila bechi ukiweke kwenye boksi lako kwa mwaka mzima. Mteja akikupigia kusema sabuni inamwasha, utajua ndani ya dakika mbili vipande vingine 10 vya bechi ile viko kwa nani. Bila namba, itabidi uzikumbuke sabuni zote ulizouza, na hutaweza.

Ukurasa huo ndio unaokupa bei. Nitatumia namba za mfano. Wewe weka za fedha yako. Tuseme malighafi za bechi ni 48, karatasi na lebo 12, nishati na uchakavu wa vifaa 6. Jumla ni 66. Vipande ni 12, kimoja kinabaki kwenye boksi la kumbukumbu, kwa hiyo vinavyouzwa ni 11, na kila kimoja kimekula 6. Hapa ndipo wengi husimama, wakauza kwa 8 na kusema wanapata faida ya 2. Hawajajilipa. Kupima, kuchanganya, kuosha vyombo, kukata na kufunga bechi moja ni saa mbili na robo hivi. Ikiwa saa yako ina thamani ya 12, hiyo ni 27, yaani karibu 2.50 kwa kipande. Gharama halisi ni 8.50. Anayeuza kwa 8 anawalipa wateja wake ili wachukue sabuni.

Panga kwanza bei ya jumla, kisha ya rejareja, hata kama leo unauza mwenyewe tu. Duka likichukua theluthi ya bei ya rafuni na bei ya rafuni ni 15, wewe unapokea 10, ukitoa 8.50 inabaki 1.50. Ni kidogo, lakini ni faida ya kweli. Ukimuuzia mteja mwenyewe, uza 15 ile ile. Ile 5 inalipa muda wako wa kujibu simu, kupeleka mzigo na kusubiri. Ukianza na 9 kwa sababu ni majirani, siku duka litakapotaka mzigo utalazimika ama kupandisha bei mbele ya wateja waliokuzoea, ama kukataa duka. Na kama soko lako halikubali 15, usipunguze ujira wako kwanza. Angalia manukato, ambayo mara nyingi ndiyo sehemu ghali ya bechi, na angalia muda: kutengeneza bechi mbili kwa mkao mmoja hakuchukui saa nne na nusu, kunachukua kama tatu, kwa sababu kupanga na kuosha vyombo unafanya mara moja. Gharama ya kazi inashuka kwa theluthi bila kugusa ubora.

Mtaji sasa. Biashara hii ina tabia moja ambayo kupika au kushona hakuna: pesa yako inalala rafuni wiki tano. Ukilenga kuuza vipande 22 kwa wiki, unatengeneza bechi mbili kila wiki, na kabla ya kuuza kipande cha kwanza tayari umeshanunua malighafi za bechi kumi. Huo ndio mtaji wako wa chini, pamoja na vifaa na akiba ya kununulia bechi za wiki zinazofuata kama mauzo yatachelewa. Kama fedha hazifiki, anza na bechi moja kwa wiki. Usifupishe ukomavu ili pesa irudi haraka. Na usikope kwa deni linaloanza kulipwa mwezi wa kwanza, kwa sababu mwezi wa kwanza sabuni yako bado ni mbichi.

Anza na fomula moja na harufu mbili, mojawapo isiyo na manukato kabisa. Kila harufu mpya ni chupa nyingine iliyofunguliwa na rafu nyingine iliyojaa. Ukikua, panda kutoka kilo moja hadi mbili za mafuta, ukae hapo mwezi mzima. Uji mwingi huhifadhi joto jingi. Anayeruka kutoka kilo moja hadi tano hukuta sabuni imepasuka katikati au imefura.

Fedha za sabuni zikae kwenye akaunti yake. Mauzo yote yaingie huko, ujira wako utoke huko kwa tarehe maalumu, na mahitaji ya nyumbani yalipwe na ujira wako, siyo na mauzo. Sabuni inayotumika nyumbani iandikwe daftarini kwa bei ya gharama. Kwa duka, mzigo wa kwanza ulipwe taslimu hata ukiwa vipande 6 tu. Kuwaachia 40 wakulipe vikiuzwa ni kuwakopesha karibu bechi nne, na sabuni ikikaa juani kwenye kabati la kioo itarudi imepauka na kuchina.

Kuhusu kibali, ndiyo, kwa kawaida utahitaji, ila sheria zinatofautiana mno baina ya nchi na nchi. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni namba 1223/2009, hutaka bidhaa ya kuogea iwe na tathmini ya usalama iliyofanywa na mtu mwenye sifa kabla haijauzwa. Marekani sabuni halisi, iliyotokana na mafuta na kostiki na inayouzwa kama sabuni tu, haiingii kwenye kundi la vipodozi. Nenda kwenye ofisi za serikali za eneo lako na maswali matatu: leseni ya biashara ya nyumbani, viwango vya bidhaa yenyewe, na kodi. Peleka daftari lako. Afisa anayeona kumbukumbu za bechi zilizopangwa huwa na maswali machache.

Kwenye lebo andika viambato vyote, namba ya bechi, jina na mawasiliano ya mtengenezaji, na uzito. Ikiwa kipande chepesi kabisa kinapima gramu 101, andika 95, kwa sababu sabuni huendelea kupoteza maji hata ikiwa dukani. Usiandike kwamba inatibu chunusi, fangasi au ukurutu. Neno hilo moja katika nchi nyingi huihamisha bidhaa yako kutoka kwenye sabuni hadi kwenye dawa, na dawa ina masharti ambayo nyumba haiwezi kuyatimiza. Zaidi ya hapo, mwenye ukurutu anaweza kuacha dawa yake akitegemea kipande chako.

Zimebaki bechi nne ulizonazo. Tatu za kwanza zinaokolewa, maana tunajua hasa kilichokosekana: gramu 85 za mafuta kwa kila bechi. Vaa glavu na miwani, kwaruza bechi moja kwa kwaruzo la chuma kisichoshika kutu, weka kwenye sufuria ya namna hiyo hiyo pamoja na gramu 85 za mchanganyiko wako wa mafuta na gramu 100 za maji. Weka sufuria hiyo ndani ya nyingine yenye maji yanayochemka taratibu, funika, koroga kila baada ya dakika 15 kwa muda wa saa mbili hivi, mpaka iwe kama viazi vilivyopondwa na isionekane chembe kavu. Ikandamize kwenye kalibu, kata kesho yake, iache wiki nne. Kisha lowesha kidole, sugua sabuni, gusisha ncha ya ulimi: ikikupiga kama betri, bado ina kostiki. Ikionja kama sabuni tu, itumie nyumbani. Itakuwa na sura mbaya, lakini inaosha. Ya nne itumie kufulia matambara na kusafishia sakafu kabla haijaanza kunuka. Kostiki iliyobaki kwenye mfuko ule iyeyushe kidogo kidogo ndani ya maji baridi mengi, uimwage kwenye bomba la maji machafu, kisha ununue mpya pamoja na chombo cha kuifunga.